Jinsi ya kutumia viashiria kuboresha kazi ya timu ya afya ya msingi

Maswali ninayoulizwa na timu za afya ni yaleyale. Tuanze na viashiria vingapi, yaani namba za kutuonyesha kazi yetu inakwendaje? Nani ahesabu? Namba ikitoka mbaya tufanye nini? Na mbona tumehesabu mwaka mzima, hakuna kilichobadilika? Nimeyajibu kwa mdomo mara nyingi hadi nikaona heri niyaandike.

Mwongozo huu ni wa timu: daktari au tabibu, wauguzi, mkunga, mtu wa maabara, mtu wa dawa, karani wa mapokezi na wahudumu wa afya ya jamii, wote wakihudumia watu walewale. Kama unafanya kazi peke yako, nusu ya haya hayakuhusu. Sababu ni kwamba katika kazi ya timu mgonjwa hapotei mikononi mwa mtu. Hupotea kati ya mkono na mkono. Muuguzi kapima, tabibu hakuona kipimo. Tabibu kaandika tarehe ya kurudi, karani hakuambiwa. Mhudumu wa jamii anajua mama fulani amehama, ila hakuna aliyemuuliza. Ukipima kila mtu kivyake, kila mmoja ataonekana amefanya kazi yake, na mgonjwa bado hayupo.

Kabla ya kuanza, mnahitaji

- Orodha ya watu mnaowahudumia kwa tatizo mnalotaka kulishughulikia. Rejista ya karatasi inatosha. Bila orodha mtajua waliokuja tu, na waliokuja si tatizo lenu kubwa.
- Saa moja kila mwezi, siku isiyohamishwa, na watu wa kila kada (kila aina ya kazi) wakiwepo. Karani asiachwe mapokezi "kulinda mlango", mbadilishane zamu.
- Mtu mmoja wa kuhesabu na mwingine wa kuhakiki hesabu. Wasiwe mtu yuleyule.
- Karatasi ya miraba, penseli na mahali pa kubandika. Kompyuta ikiwepo vizuri. Isipokuwepo, anzeni hivyohivyo.
- Kauli ya mkuu wa kituo, itamkwe mbele ya wote: namba hizi hazitatumika kumwadhibu mtu. Kama hayuko tayari kuisema, msianze. Sitanii.

Hatua

1. Chagueni tatizo kwanza, kiashiria baadaye

Timu nyingi huanza kwa kuuliza tupime nini, kisha zinachukua kile kilicho rahisi kuhesabu, kwa kawaida idadi ya mahudhurio. Mahudhurio yanaonyesha mlivyochoka; hayaonyeshi kama watu wanapona. Ulizaneni hivi: ni wagonjwa gani wanaotukosesha usingizi? Wenye presha wasiorudi? Watoto waliopata chanjo ya kwanza wakakosa ya tatu? Wajawazito wanaokuja kliniki mimba ikiwa imeshakuwa kubwa? Chagueni tatizo moja. Liwe linalogusa angalau kada tatu za timu, maana la kada moja halihitaji mwongozo huu.

2. Choreni safari ya mgonjwa

Chukueni karatasi kubwa, mchore kila kituo anachopita tangu alipojulikana ana tatizo hadi hali yake inapotulia. Kila mshale chini yake andikeni ni nani anamkabidhi nani, na kwa njia gani: kwa faili, kwa mdomo, kwa simu, au kwa kudhania tu. Mishale ya "kudhania tu" itakuwa mingi kuliko mnavyofikiri. Wekeni alama nyekundu hapo. Viashiria vyenu vizuri kabisa vitatoka kwenye mishale hiyo.

3. Teueni viashiria vinne au vitano, basi

Daktari na mtafiti Avedis Donabedian aliandika mwaka 1966 kwamba ubora wa huduma unaweza kutazamwa kwa macho matatu: nyenzo, mchakato na matokeo. Nadharia itoshe hapo. Kwenu maana yake ni kuchagua kimoja cha matokeo (mgonjwa amekuwaje), viwili au vitatu vya mchakato (tumefanya tuliyopaswa kufanya, tena kwa wakati), na kimoja cha ulinzi.

Cha ulinzi ndicho kinachosahaulika. Kazi yake ni kuonyesha kama mnajenga huku mnabomoa kule. Mkiongeza muda wa kila mgonjwa wa kisukari, wengine wanasubiri kwa muda gani? Muuguzi anatoka kazini saa ngapi? Ukiwa na nafasi, ongeza swali moja la mgonjwa mwenyewe, kwa mfano: "Leo umepata nafasi ya kueleza yote uliyokuja nayo?" Aulize mtu ambaye hakumhudumia.

*Tahadhari.* Nilipoanza kazi hii, timu yangu ilichagua viashiria thelathini na kimoja. Tulikuwa na jedwali zuri la rangi. Miezi minne baadaye muuguzi aliyekuwa akihesabu alikuwa anatumia siku mbili kwa mwezi kujaza jedwali, na hakuna aliyekumbuka kiashiria cha kumi na tisa kilihusu nini.

4. Andikeni maana ya kila kiashiria hadi mgeni aweze kukihesabu

Hatua hii ndiyo inayorukwa sana, na ndiyo inayoleta ugomvi baadaye. Kila kiashiria cha asilimia ni sehemu: juu kuna kiasi, chini kuna asili. Watu hubishana kuhusu kiasi, lakini uongo hukaa kwenye asili.

Tuchukue namba za kubuni. Rejista yenu ya presha ina watu 240. Katika miezi mitatu wamekuja 168. Kati yao, 150 presha yao imeandikwa. Walio chini ya 140/90, yaani presha imedhibitiwa, ni 90. Je, mmedhibiti asilimia ngapi? Mkigawanya 90 kwa 150 mnapata asilimia 60, mnapiga makofi. Mkigawanya 90 kwa 240 mnapata asilimia 37.5. Hesabu zote mbili ni sahihi. Ya kwanza inasema kuhusu waliopimwa. Ya pili inasema kuhusu watu mnaowajibika kwao. Tumieni ya pili kama kiashiria cha matokeo. Asiyekuja ahesabiwe hajadhibitiwa hadi athibitishwe vinginevyo.

Sasa tazameni namba hizohizo kama safari. Watu 72 hawakuja kabisa: hapo ni karani, simu na mhudumu wa jamii. Watu 18 walikuja wakaondoka bila kipimo kuandikwa: hapo ni foleni na meza ya muuguzi. Watu 60 walipimwa, presha iko juu. Tuseme kati ya hao 60, ni 21 tu ambao dawa ilibadilishwa au mpango mpya uliandikwa. 39 walirudi nyumbani na dawa zilezile, dozi ileile. Hapo ni chumba cha tabibu, na pengine dirisha la dawa. Ile asilimia 37.5 peke yake isingewaambia haya hata siku moja. Mnyororo umewaonyesha mapengo matatu, kila moja na mlango wake.

Kwa kila kiashiria andikeni: kiasi ni nani, asili ni nani, nani hahesabiwi (waliofariki, waliohama kwa uthibitisho), kipindi gani, chanzo ni daftari lipi, na nani anahesabu siku gani. Ukurasa mmoja unatosha. Kisha mpeni mtu ambaye hakuwepo kwenye kikao, ahesabu mwezi mmoja peke yake. Akipata namba tofauti na yenu, maandishi yenu ndiyo yenye kasoro, si yeye.

5. Hakikini kumbukumbu kabla ya kuziamini

Chukueni taarifa ya mwezi mmoja uliopita mkahesabu upya kutoka rejista. Gawanyeni mlichokipata kwa kilichoripotiwa. Jibu likiwa kati ya 0.9 na 1.1, endeleeni. Likiwa nje ya hapo, tafuteni sababu kwanza: pengine rejista mbili za kitu kimoja, pengine ukurasa uliochanika, pengine mtu alijaza kwa kukumbuka.

Kwa presha kuna mtego mtamu zaidi. Angalieni tarakimu ya mwisho ya vipimo 100. Kwa mashine ya kidijitali, sifuri inapaswa kutokea takribani mara 10. Kwa mashine ya mkono yenye mistari ya namba shufwa, takribani mara 20. Mkikuta sifuri 70, watu wanakadiria, hawapimi. Hilo ni jambo la kurekebisha kabla ya kiashiria chochote: mgonjwa akae dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, kitambaa cha mashine kinachotosha mkono wake, na mtu asimsemeshe.

Kama hamna mfumo wa kompyuta na faili ni nyingi, chukueni faili 20 hadi 30 kila mwezi kwa kuruka idadi sawa kwenye orodha, mkianzia namba iliyopatikana kwa kura. *Tahadhari:* msichukue faili zilizo juu ya rafu. Zipo juu kwa sababu wenyewe walikuja juzi. Hivyo ndivyo timu inavyojikuta na asilimia 95 ya kila kitu.

6. Jueni mlikoanzia

Rudini nyuma miezi sita hadi kumi na miwili mkahesabu viashiria vilevile kwa maana ileile. Kama kumbukumbu za nyuma haziaminiki, pimeni miezi mitatu kabla ya kubadilisha kitu. Inachosha kusubiri, najua. Lakini bila hapo mtabaki kubishana kama mmesogea.

7. Chati ya mwenendo, si mishale ya kijani na nyekundu

Kulinganisha mwezi huu na uliopita ndiko kunakowapa watu furaha ya bure na huzuni ya bure. Namba hupanda na kushuka zenyewe. Chora miezi chini, asilimia pembeni, weka nukta za kila mwezi. Panga namba zote kutoka ndogo hadi kubwa, chukua ya katikati, upige mstari wake kukata chati. Kisha soma hivi:

- Nukta sita au zaidi mfululizo upande mmoja wa mstari (zilizoangukia mstarini zisihesabiwe): kuna kitu kimebadilika kweli.
- Nukta tano au zaidi zikipanda mfululizo, au zikishuka mfululizo: vilevile.
- Nje ya hapo, ni mawimbi ya kawaida. Msimpongeze mtu, msimlaumu mtu.

Sheria hizi zinataka nukta kama kumi au zaidi. Ndiyo maana kupima kila wiki kwa sampuli ndogo kunafaa kuliko kupima kila robo mwaka kwa sampuli kubwa. Ila angalieni asili isiwe ndogo mno: kwenye watoto wanane, mtoto mmoja ni asilimia 12.5. Hapo semeni "watoto saba kati ya wanane" na muache asilimia.

Mkimaliza chati ya jumla, igawanyeni angalau mara moja kwa mwaka: wanawake na wanaume, vijana na wazee, wa karibu na wa mbali. Wastani mzuri unaweza kuwa umekalia kundi zima lisilofika.

8. Kaeni na namba kama timu

Saa moja, kwa mpangilio huu:

a) Dakika tano: kila mtu aitazame chati kimya. Ndiyo, kimya. Akianza kuzungumza mkubwa, wengine hawataona kingine zaidi ya alichokiona yeye.

b) Dakika kumi na tano: kila kada iseme inaona nini, kuanzia kada ya chini kwenda juu. Karani na mhudumu wa jamii waanze. Wao ndio wanajua kwamba tarehe za kurudi zinaangukia siku ya soko, au kwamba namba za simu kwenye rejista ni za miaka mitatu iliyopita.

c) Dakika ishirini: fungueni faili tatu za wagonjwa waliopotea kwenye pengo hilo, mfuate nyayo zao. Namba inasema wapi; faili inasema kwa nini.

d) Dakika ishirini: kubalianeni jambo moja la kujaribu, nani atafanya, kuanzia lini. Moja.

*Tahadhari kubwa.* Msibandike majina ya watumishi mbele ya namba. Mahali fulani nilipowahi kufanya kazi, mkuu alibandika orodha ya wauguzi na asilimia ya wagonjwa "waliodhibitiwa" wa kila mmoja. Ndani ya wiki tatu vipimo vilijaa 138/88. Hakuna aliyepona, watu walijifunza kupika takwimu. Mwanauchumi Charles Goodhart alilionya jambo la namna hii mwaka 1975, akizungumzia sera ya fedha: kipimo kikishageuzwa kuwa fimbo, huacha kuaminika kama kipimo.

Pesa nayo ina tabia zake. Uingereza ilianza mwaka 2004 kuwalipa madaktari wa familia kwa kufikia viashiria vya ubora. Malipo ya baadhi ya viashiria yalipoondolewa England mwaka 2014, namba zilizokuwa zikiandikwa kwenye viashiria hivyo zilishuka papo hapo. Kama mna bonasi ya aina hiyo, chukueni, ila viashiria vya kujifunzia viwe pembeni na bonasi.

9. Jaribuni badiliko moja, dogo, haraka

Panga, tenda, chunguza, rekebisha. Neno gumu hapa ni *dogo*. Kwa mfano wetu wa presha: wale 39 walioondoka na dozi ileile. Msianze kwa kuandika waraka wa kituo kizima. Jumatatu moja, muuguzi mmoja abandike karatasi ya rangi kwenye faili ya kila mgonjwa mwenye 140/90 au zaidi kabla hajaingia kwa tabibu. Kabla ya kuanza, andikeni mnatarajia nini: "kati ya kumi, saba watabadilishiwa dawa au kuandikiwa sababu ya kutobadilisha." Jioni hesabuni. Mkikuta nne, ulizeni. Pengine karatasi ilianguka. Pengine tabibu aliiona, ila dawa ya hatua ya pili haipo dirishani, na sasa mna tatizo jingine kabisa, la kweli zaidi. Jumanne rekebisheni, mjaribu tena.

Hiyo "sababu ya kutobadilisha" msiiondoe. Mgonjwa anaweza kuwa amekosa dawa wiki nzima, au ni mzee anayepata kizunguzungu akisimama. Kiashiria kisichoacha mlango kwa busara ya tabibu kitawaumiza wagonjwa.

10. Likifaa, lifanyeni kuwa kazi ya kawaida, lisipofaa, lizikeni

Limefaa ikiwa chati imeonyesha ishara ya hatua ya 7 na kiashiria cha ulinzi hakijaharibika. Hapo liandikeni kwenye utaratibu wa kazi, lifundishwe kwa kila mgeni. Kisha punguzeni kupima: mara moja kwa robo mwaka, kwa kuangalia tu kama mmerudi nyuma. Nafasi iliyopatikana iende kwa tatizo la pili.

Pakikwama

*"Namba imeshuka baada ya sisi kuanza kuboresha."* Mara nyingi mmeanza kuandika vizuri, au rejista imesafishwa na asili imeongezeka. Angalieni asili kwanza. Wekeni alama kwenye chati tarehe mliyobadilisha namna ya kuandika, mjue nukta za kabla na za baada hazilingani.

*"Kiashiria cha mchakato kimepanda, cha matokeo kimegoma."* Subirini kidogo, matokeo huchelewa. Ikipita miezi sita bila kusogea, basi mchakato mliouchagua si ule unaobana, au unafanywa kwenye karatasi tu. Rudini kwenye faili tatu.

*"Tuko asilimia 98, tuendelee kupima?"* Kwanza mhakiki, kwa sababu 98 ni namba ya kutiliwa shaka. Ikiwa kweli, acheni mkapime kingine.

*"Chanjo ya kwanza tuko juu, ya tatu tunapoteza watoto."* Hesabuni waliodondoka: toeni waliopata ya tatu kutoka waliopata ya kwanza, mgawanye kwa waliopata ya kwanza. Ikizidi asilimia 10 ni dalili kwamba mama walifika na hawakurudi, kwa hiyo tazameni mlivyowapokea na mlivyowaambia tarehe. Ikitoka hasi, kumbukumbu zenu zina kasoro. Rudini hatua ya 5.

*"Watu wanalalamika hawapati miadi, sisi tunaona nafasi zipo."* Msihesabu siku hadi nafasi ya kwanza iliyo wazi, hiyo inaweza kuwa imefunguka kwa sababu mtu kaahirisha asubuhi. Hesabuni siku hadi nafasi ya tatu iliyo wazi, kila wiki, siku na saa ileile.

*"Daktari haji kwenye kikao."* Msimpelekee chati. Mpelekeeni faili moja, ya mgonjwa wake aliyeondoka mara nne na presha ya 170, kwa faragha, bila neno la lawama. Kikao kinachofuata huwa anakuja. Asipokuja, endeleeni na wale 72 ambao hawakufika kabisa. Kuwapigia simu hakuhitaji saini yake.

*"Anayehesabu amehama."* Ndiyo maana mliandika ukurasa wa hatua ya 4. Kama hamkuandika, andikeni leo, kabla hajakabidhi funguo.